Maziwa Ambayo Mama Efrazia Hakuyanywa

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, uliyeacha mafaili yako mezani ili uje kumuaga mwanamke wa maabara, Baba Padri, uliyetufungulia kwa sala, wakuu wa mradi wetu wa lishe, shefu, mkuu wa kilima cha Nyarukamba, uliyepanda basi alfajiri kutoka Butihinda hadi hapa Gitega na bado ukawekwa kiti cha nyuma, naomba usogezwe mbele, wafanyakazi wenzangu, majirani zangu wa Magarama mliokuja kwa miguu, ingawa wengine najua mmefuata Fanta, nanyi mna haki yenu: amahoro, amani kwenu.

Nimepewa dakika kumi za kushukuru. Nimeambiwa niseme habari za miaka kumi na mmoja ya utafiti, niwasifu viongozi, nipokee kitenge changu, niketi. Nitashukuru, msiwe na wasiwasi. Lakini nimeona kwamba kwenye bahasha iliyo mbele ya Mheshimiwa kuna orodha ya vilima vitakavyopewa ng'ombe wa maziwa, na kwamba itatiwa saini leo tukimaliza kula. Orodha hiyo naijua. Kilima cha Nyarukamba, chenye nyumba mia moja na kumi na mbili, hakimo. Hakikuwamo mwaka juzi, hakikuwamo miaka mitano iliyopita, na hakikuwamo tangu mwanzo, kwa sababu kwenye daftari la kwanza, mwaka 2010, mbele ya jina lake kuna neno moja: wamedanganya. Neno hilo ni mwandiko wangu. Leo ni siku yangu ya mwisho ya kuwa na sauti mbele ya watu wenye kalamu, na nimekuja kulitoa.

Ndugu wageni waalikwa, kwa wale ambao hawajui tulikuwa tukifanya nini na sindano zetu, nitaeleza upesi. Tulitaka kujua nani anakunywa maziwa na nani hapati. Ni jambo dogo, sivyo? Si ungemuuliza tu? Tuliuliza. Lakini mwenye ng'ombe hupunguza ili apewe msaada, na asiye na kitu huongeza ili asionewe huruma, na wengine hawakumbuki hata walichokula jana. Ndiyo maana tulichukua na damu. Ng'ombe anapocheua, vijidudu vya tumboni mwake hutengeneza mafuta ya namna ya pekee, mengine yenye kaboni kumi na tano, mengine kumi na saba. Ukinywa maziwa, mafuta hayo huingia kwenye damu yako na kukaa humo wiki kadhaa. Ukiacha, yanapungua mpaka kile kiasi kidogo ambacho kila mtu anacho. Nyama ya ng'ombe yenye mafuta huongeza kidogo pia, kwa hiyo tuliuliza na nyama. Halafu tuliweka majibu ya mdomo upande mmoja na majibu ya damu upande wa pili, tukalinganisha.

Na mashine nayo lazima ipimwe. Kila tulipoanza kundi jipya la damu, tulihitaji damu moja ambayo tunajua kwa hakika haina maziwa. Damu hiyo ilikuwa yangu. Mimi sinywi maziwa, siyaweki hata kwenye chai, na nyama ya ng'ombe nimeiacha siku nyingi; ni mtu wa maharage na mboga ya lengalenga. Niliwaambia wote kwamba tumbo langu halipatani na maziwa. Moïse wetu, aliyetoka Uvira na mikono mizuri kuliko fundi yeyote niliyefanya naye kazi, alikuwa akinicheka: "Madame Adventina iko sawa na muuza pombe mwenye hakunywaka." Tulicheka wote. Kwa miaka kumi na mmoja damu yangu ilitoka kwenye mashine ikiwa safi, na kwa usafi huo tuliwahukumu wengine.

Sasa nawapeleka Butihinda, huko Muyinga.

Nyarukamba ni kilima cha watu waliorudi. Walikimbilia Tanzania kwenye mauaji ya mwaka 1993, wakakaa makambini miaka kumi na mitano, wakarudi na mabati ya msaada na Kiswahili kizuri kuliko cha hapa mjini. Mimi mwenyewe nimelelewa Tanzania, tangu mwaka 1972 nikiwa na miaka kumi na mmoja, kwa hiyo nilifika pale kama mtu anayekwenda kwa ndugu zake. Nilipita nyumba kumi. Nyumba ya saba ilikuwa ya Mama Efrazia, mjane, mwembamba, anayekutazama kidogo pembeni ya uso wako, kana kwamba kuna mtu nyuma yako. Nilimuuliza kama fomu inavyosema: katika siku saba zilizopita, wewe umekunywa maziwa? Akasema, "Mimi sijanywa." Nyama? "Sijala." Nikachukua damu, nikaandika jina lake kwenye kichupa mwenyewe.

Wiki tatu baadaye Moïse aliniita. Damu ya Mama Efrazia ilikuwa imejaa maziwa. Nasema imejaa, Mheshimiwa, kama damu ya mtu anayelala karibu na zizi. Nikadhani vichupa vimebadilishana. Moïse akaniambia, "Mi nimerudilia mara tatu, Madame. Mashine iko sawa, jina iko juu, maziwa iko ndani." Na kwenye kilima kile hapakuwa na ng'ombe hata mmoja.

Sheria yetu ilisema jibu lenye shaka lirudiwe. Ningeandika "irudiwe" na mambo yangekwisha. Lakini mimi nina hasira za karibu, wote mnajua, na niliumia kwamba mwanamke niliyemwita mama amenidanganya usoni. Nikarudi Nyarukamba na karatasi. Nikaomba watu wakusanyike mbele ya ofisi ya kilima. Nikasoma jina lake kwa sauti, nikasoma namba, nikasema mbele ya majirani zake wote kwamba mdomo unaweza kusema unachotaka lakini damu haidanganyi.

Nilitegemea aone aibu, au akasirike. Aliinuka polepole, akatengeneza kitenge chake begani, akaniambia kwa upole kabisa: "Sikukudanganya, mwanangu. Uliniuliza kama mimi nimekunywa. Mimi sijanywa." Akaketi. Na watu wale wote, wanaume kwa wanawake, wakatazama chini. Hakuna aliyecheka wala kunong'ona. Nikaandika lile neno pale pale, nikafunga daftari, nikaondoka haraka kuliko nilivyokuja, na njia nzima nilikuwa nikilirudia jibu lake kichwani.

Ndugu zangu, mnaweza kufanya kazi vizuri na jambo linalowawasha hivyo? Mimi sikuweza. Mwaka uliofuata nikaomba likizo ya siku nne, nikaenda peke yangu, bila sindano. Nikalala kwa masista Muyinga mjini, na asubuhi na mapema nikachukua pikipiki hadi kwake. Nilimkuta ameketi mlangoni. Kwenye kizingiti palikuwa na icansi, kile chombo cha mti ambacho wazazi wetu walikamulia. Kilikuwa kimejaa maziwa, na povu lilikuwa bado juu. Nikaweka kiganja ubavuni mwa chombo. Kilikuwa cha moto.

Nikamuuliza ametoa wapi. Akasema hajui. Nikamuuliza anakunywa nani. Hapo ndipo aliponieleza, na mimi nitawaeleza ninyi kama alivyosema, maana alinipa ruhusa kabla hajatuacha.

Siku ya kukimbia alikuwa na binti wa miaka tisa, Josefina. Walipotezana kwenye bonde la chini, kwenye vurugu, na hakumwona tena. Kule kambini wanawake wa Nyarukamba walishika desturi moja: wakati wa kula, kila nyumba ilitenga sehemu ya yule ambaye hakufika. Kidogo tu, ugali wa mkono mmoja. Mtu mmoja wa nyumba huila kwa niaba yake, na anapokula hasemi "nimekula," kwa kuwa hakula yeye. Waliporudi wakarudi na desturi hiyo. Mama Efrazia, kwa sababu Josefina alipenda maziwa na maziwa hayakuwapo, aliweka kila jioni icansi tupu kizingitini. Siku ya tisa tangu arudi, asubuhi, akakikuta kimejaa.

"Mimi namkopesha mdomo tu," aliniambia. "Anayekunywa ni yeye. Ungeuliza Josefina amekunywa, ningekujibu ndiyo, kila siku."

Kilima kizima kilijua. Ndiyo maana walitazama chini siku ile. Hawakuona aibu kwa ajili yake. Waliona aibu kwa ajili yangu.

Nikamuuliza kwa nini hakutafuta nani anayeleta. Akanitazama, pembeni ya uso wangu kama kawaida yake, akasema, "Nikitafuta hatarudi."

Lakini mimi ni mtu wa maabara. Maziwa ya moto yana ng'ombe, na ng'ombe ana mwenyewe. Nilivuka bonde asubuhi ile ile, nikafuata kinyesi, na ng'ambo nikamkuta mzee Venansi na ng'ombe mmoja mwekundu. Alipoona naangalia kiwele alijua nimefuata nini. Tulizungumza Kirundi; nayaleta maneno yake kwa Kiswahili. Venansi hakukimbia. Alikaa kwenye shamba la Mama Efrazia miaka yote ile, akalirudisha siku aliporudi bila hata kungoja kuitwa kwenye tume ya ardhi. Na mwaka 1993 ni yeye aliyemkuta Josefina bondeni, na ni yeye aliyemzika, peke yake, kwa jembe la kupalilia.

"Mama yake aliporudi nilikwenda mara tatu kumwambia," Venansi alisema. "Mara tatu nikasalimia, nikarudi. Jioni moja nikaona ameweka chombo kitupu. Basi nikakamua." Akaniomba nisimwambie. Na mimi nilimwahidi. Kama ningeandika maelezo kwenye daftari ningeandika jina lake, na jina lake lingesomwa kwenye mkutano, kama nilivyosoma lile la kwanza. Kwa hiyo nilinyamaza, nikaliacha lile neno pale lilipo. Nilijiambia nimefanya wema. Nilirudi Gitega nikiwa mwepesi, nimepata maelezo, nimelala usingizi. Hesabu yangu ilikuwa imekaa sawa, na nyumba mia moja na kumi na mbili zikakosa ng'ombe kwa ajili ya usingizi wangu.

Venansi alifariki mwezi wa pili, 2014. Nilikwenda kumzika. Ng'ombe wake alipelekwa Kirundo kwa binti yake, niliona kwa macho yangu akipakiwa kwenye gari. Miezi minane baadaye, kwenye mzunguko wa kawaida, mwenzangu alipita Nyarukamba akachukua damu, na moja ilikuwa ya Mama Efrazia. Miezi minane, Mheshimiwa. Nimekwisha kuwaambia mafuta yale hukaa wiki ngapi.

Moïse alikuja na karatasi, safari hii bila utani. Hakuketi. Akaiweka mezani akasema, "Iko vilevile, Madame. Hata imepanda kidogo."

Nikaenda. Niliuliza kilima kizima, na ng'ambo, na kilima cha pili: ng'ombe hakuna. Hakuna hata mbuzi wa kukamua. Nilimkuta Mama Efrazia ameketi mlangoni pale pale, amezeeka, ametulia. Sikumwambia habari za Venansi. Nilimuuliza tu kama maziwa bado yanakuja. Akasema yanakuja. Akafikiri kidogo, akaongeza: "Ila zamani yalikuwa ya moto. Siku hizi ni ya baridi."

Naona mnatazamana. Tazamaneni tu. Mimi nimeishi na sentensi hiyo miaka saba, na kila nikipita karibu na friza yetu ya damu, ikitetemeka pale pembeni, naisikia.

Mama Efrazia alituacha mwaka jana. Siku ya kumaliza matanga walinikabidhi kifurushi. Ndani mlikuwa na ile icansi, imesuguliwa ikang'aa, na maagizo yake: apewe yule wa damu, kwa sababu naye ana wake ambaye hakufika. Sikuwahi kumwambia. Haki ya Mungu, sikuwahi kumwambia mtu yeyote.

Basi niwaambie ninyi. Mwaka 1972, wakati wa mauaji, tulikimbia mimi, mama yangu na mdogo wangu Bahati, wa miaka minne. Mama alibeba mzigo, mimi nilipewa mkono wa Bahati. Tangu asubuhi alikuwa analilia maziwa, maana tulikuwa tumeyaacha jikoni yakiwa yamekwisha kukamuliwa. Alilia njia nzima. Watu walituambia tumnyamazishe la sivyo tutasikiwa. Penye vichaka, watu walipoanza kusukumana, nilimwachia mkono. Sijui kama nilivutwa au niliuachia mwenyewe kwa kuchoka na kilio chake. Nina miaka sitini na bado sijui. Tangu siku ile maziwa hayajapita kooni mwangu. Tumbo langu halina ugonjwa wowote. Nimewadanganya kuhusu tumbo miaka yote hii, nikiwa na daftari mkononi la kuandika nani anadanganya.

Ile icansi niliiweka kwenye kizingiti cha nyumba yangu, Magarama, ikiwa tupu. Majirani mmeiona, na mmoja wenu aliniuliza kama nauza. Asubuhi naikuta tupu. Kavu kabisa, nimepitisha kidole. Hakuna aliyeweka kitu humo. Jambo moja tu ambalo nililiona na sikulitilia maanani: tangu niiweke, naamka bila njaa.

Wiki tatu zilizopita tulipima kundi la mwisho, na kama kawaida nilinyoosha mkono, Moïse akachukua damu yangu ya kupimia mashine. Karatasi ninayo hapa. Jina langu liko juu. Moïse amerudia mara tano, na mara ya tano alifanya ishara ya msalaba kabla ya kubonyeza kitufe. Yuko pale karibu na dirisha, muulizeni. Kaboni kumi na tano, zimejaa. Kaboni kumi na saba, zimejaa. Na hii hapa ni fomu yangu, niliyoijaza siku hiyo hiyo, kwa mwandiko ule ule mnaoujua. Katika siku saba zilizopita, wewe umekunywa maziwa? Nimejibu: mimi sijanywa. Nimetia saini.

Naogopa, ndugu zangu. Nalisema wazi. Na pia, Mungu anisamehe, ninafurahi, kwa kuwa tangu niiweke ile icansi sijasikia kilio cha Bahati. Kwa miaka arobaini na tisa nilikuwa nakisikia.

Mheshimiwa, sikuombi uamini jambo lolote. Wewe ni mtu wa serikali, mimi ni mtu wa mashine, na wote wawili tunapenda karatasi. Basi karatasi ni hizi mbili, mdomo upande huu na damu upande huu, na hazikubaliani. Kwa kipimo nilichowapimia watu wa Nyarukamba, andika mbele ya jina langu: amedanganya. Uniondolee kitenge, cheti, na pensheni, kama wao walivyoondolewa ng'ombe. Au kama unaona mwanamke huyu wa miaka sitini amesema kweli, na kwamba kuna swali ambalo fomu yetu haikujua kuuliza, basi fungua bahasha uandike Nyarukamba. Shefu wao umemwona, amesogezwa mbele. Ana kofia mkononi tangu nianze kusema.

Kwa hiyo nashukuru. Namshukuru Moïse kwa mikono yake na kwa kutokukimbia. Nawashukuru wanawake wa Muyinga walionipa mikono yao niichome. Namshukuru mzee Venansi, ambaye leo nimevunja ahadi niliyompa. Asubuhi nimekwenda kanisani kumwomba radhi. Nawashukuru ninyi mlionivumilia kwa masikio yenu, mlioketi na mnaosimama, na wale ambao hatukuwawekea viti.

Desturi ni kwamba msemaji akishashukuru huketi. Nami nimemaliza kushukuru. Lakini naona Mheshimiwa anatafuta kalamu mifukoni. Chukua hii yangu, ndiyo niliyoandikia lile neno, wino bado upo. Mimi nitangoja nikiwa nimesimama.